Haramia Akifa, Mume Wangu Atanyamaza

Mpendwa mshauri, naomba unitoe kwenye shida ambayo siwezi kumpelekea mama mkwe, kwa sababu Ijumaa natakiwa kumzamisha mwanawe baharini, si yeye hasa bali Nahodha Msumari, yule haramia wa mchezo wa redio, ambaye mimi ndiye ninayemwandika na mume wangu ndiye sauti yake. Mume wangu ni fundi wa viyoyozi, alikuja studio kutengeneza mashine siku ambayo mwigizaji wetu alikuwa amekaukiwa na sauti, tukamwomba atuchekee kicheko kimoja tu cha kiharamia, akacheka mpaka fundi mitambo akavua vidude vya masikioni, na tangu hapo kazi ikawa yake. Kabla ya hapo, mshauri, nilikuwa nimeolewa na ukimya, mtu anarudi, anakula, anasema "Asante," analala, lakini tangu awe haramia nyumba ina uhai, ananiita "malkia wa mawimbi yangu," anasema ataziacha hazina zote mradi abaki nami, na juzi alinikuta nimeegemea sinki akanguruma kwa sauti ileile ya Nahodha, "Kaa chini, mwanamke, umechoka, sufuria hizi nazisugua mimi," nikacheka hadi machozi yakanitoka. Sasa bosi anasema wazazi wanalalamika, watoto wanamshangilia mwizi na kuwazomea askari wanaomsaka, kwa hiyo haramia afe, tena afe vibaya, iwe funzo. Kurasa nimeshaziandika. Studio kwetu mwigizaji hakabidhiwi kurasa zake mpaka asimame mbele ya maikrofoni, ili akishtuka ashtuke kweli, na nafikiria nimwache akutane na kifo chake hapohapo, kwa sababu nikimwambia nyumbani atanyamaza, na naogopa safari hii akinyamaza ndiyo basi. Je, nakosea, au nikambembeleze bosi?

Mjane Mtarajiwa

Mjane Mtarajiwa, pole, na pole yangu inaishia hapo. Unakosea. Unataka mumeo asome kifo chake mbele ya wenzake huku wewe umekaa nyuma ya kioo unangojea ashtuke vizuri? Hata huyo haramia wako huwaonya watu kabla ya kuwatupa majini. Usijifiche nyuma ya utaratibu wa kazi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe umekiandika wewe.

Bosi mwache. Watoto wanampenda mwizi kwa sababu anacheka, na askari wako, mama, hawajawahi kucheka hata siku moja. Hilo ni la kalamu yako, utalirekebisha kwa wakati wake.

Tuje nyumbani. Umezoea kubembelezwa kwa maneno yako mwenyewe. Malkia wa mawimbi ni wako, hazina ni zako, mumeo anakupakulia chakula ulichokipika wewe na unashangaa kilivyo kitamu. Simlaumu, wapo wasiopakua hata hicho. Lakini usiniambie kwamba haramia akizama utabaki bila mume.

Mwambie leo, usingoje Ijumaa. Mwambie jikoni, vyombo vikiwa bado vichafu. Sema hivi: wanamuua Nahodha, kurasa nimeziandika mimi, na nilikuwa naogopa kukwambia. Basi, usiongeze neno. Akinyamaza, mwache anyamaze, anayefiwa hunyamaza, na wewe usikimbilie kuujaza ukimya wake kwa maneno mazuri kama ilivyo tabia yenu waandishi. Mpe sponji, vuta kiti, ukae.

Na kuhusu hizo sufuria. Mchezo wako huwa nausikiliza, sikosi, na sijawahi kumsikia Nahodha Msumari akiosha hata kijiko. Sentensi ile hukuiandika wewe. Aliyekuona umechoka ni fundi wa viyoyozi, na huyo Ijumaa hafi.