Kitanda cha Beatha

Mama Alen, tua hiyo sufuria usome.

Beatha katoka sokoni, kakuta godoro liko sakafuni. Kitanda chake cha chuma, alichokuja nacho alipoolewa, hakipo. Kitanda, Mama Alen.

Mumewe Severin kakikatakata. Vyuma kavichomelea uani, kapata fremu ya kushikilia bodi ya ile Pijo yake ya zamani, iliyopinda ilipobingirika kona ya Soni, ili ainyooshe. "Mke wangu, bodi hainyooki bila kushikwa," anasema, miwani ya kuchomelea bado usoni.

Akaja fundi Ulimboka na pimamaji. Kapima, karudia.

"Shikamoo tena mzee. Vipimo vya fremu ulivitoa wapi?"

"Kwenye gari lenyewe."

Kwenye gari lenyewe. Lililopinda. Sasa fremu nayo imepinda vilevile, imelishika gari barabara lisije likanyooka.

Beatha wala hakugomba. "Kitendawili, Severin."

"Tega."

"Gari langu lalala kitandani, mimi nalala chini."

Severin anafuta miwani.

"Umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua Lushoto yote."

"Lushoto kaa nayo. Nipe kitanda."