Jina Langu Kwenye Kikopo

Lodwar,
Jumapili mchana

Mpendwa Dada Nekesa,

Kabla sijakusalimu, acha nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, kwa sababu nikianza na salamu nitapoa na sitalisema. Ni mimi niliyemtaja Anti Rispa hospitalini. Yeye hajui ni nani. Mama hajui lolote. Nimekaa nalo wiki mbili sasa na limenichosha.

Haya, sasa nakusalimu. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Mtoto ameota meno au bado mnangoja? Goti la nyanya yetu Kukhu linamruhusu kufika kisimani? Mimi mwilini ni mzima, na hilo neno utaona mbele kwa nini naliandika kwa uhakika. Joto ni lile lile, na upepo umejaza mchanga hadi katikati ya daftari hili. Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako mnaitumia wawili na shemeji, na haya si ya masikio ya watu wawili. Mwalimu mmoja wa kanisani anasafiri kwenda Kitale kesho, ndiye nitakayempa.

Unajua nilivyompenda Anti. Yeye ni mdogo wa Mama, lakini akija nyumbani sisi ndio tulikuwa wageni, yeye ndiye mwenye kelele na vicheko. Nilipomaliza Kidato cha Nne na Mama akasema niende Kakuma nimsaidie kwenye hoteli yake nikisubiri matokeo, sikulala kwa furaha. Nilijifunza kupika chapati za watu sitini kwa siku. Alinifundisha kwa kunicheka: "Hii ni chapati au ramani ya Kenya?" Sikujali. Mtu mwingine angeniambia hivyo ningelia.

Alikuwa anakohoa tangu nifike. Kwanza alisema ni moshi wa makaa, kisha vumbi, kisha pilipili. Sketi zake zikaanza kumpwaya akawa anazibana kiunoni kwa pini. Asubuhi nikikunja shuka lake nalikuta limelowa jasho. Nikamwambia, "Anti, twende dispensari, nitakusindikiza."

"Tukaambiwe nini?"

"Tujue tu."

"Kujua! Baba yetu aliingia hospitali akitembea, kofia kichwani. Wakamwambia ana nini. Wiki tatu tukamzika. Hakuuawa na ugonjwa, Nafula, aliuawa na kuambiwa." Kisha akateremsha sauti, maana wateja walikuwa mbele. "Na mimi nikiambiwa, nani atakula chapati yangu?"

Kuna mama mmoja Mturkana, Mama Akiru, mhudumu wa afya wa jamii. Hupita duka kwa duka na vikopo vya makohozi, na akisikia mtu anakohoa humwachia kimoja apeleke dispensari kupimwa TB. Alimwachia Anti. Anti akakisukuma nyuma ya gunia la unga, na kila nikifagia nilikiona pale.

Jumatatu moja akasema anakwenda upande wa kambi ya wakimbizi kutafuta unga. Nilibaki peke yangu na moto, chapati, na foleni ya wanaume wenye njaa. Alirudi bila unga. "Nimepita dispensari," akasema. "Nimeacha kikopo. Sasa uridhike." Dada, nilimkumbatia na mikono yenye mafuta. Siku zilizofuata nikimuuliza majibu alinijibu, "Hawajaita. Asiyeitwa ni mzima."

Halafu simu ikalia, ile kabambe yangu ya vitufe, nikiwa nakanda unga.

"Ni Violet Nafula?"

"Ndiyo."

"Majibu yako ya makohozi yametoka. Uje leo."

"Mimi sijapimwa."

"Wote husema hivyo wakiogopa. Njoo, msichana, hatuli watu."

Nikakata. Nilimwambia Anti. Alikuwa anasukuma chapati, na kile kijiti kikasimama kidogo kabla ya kuendelea. "Labda wamekosea," akasema.

Kesho yake saa nne, wakati hoteli imejaa watu wa chai, Mama Akiru akaingia.

"Ejok?" akasalimu.

"Ejok," tukaitikia.

Alitaka kuninong'oneza, lakini sauti yake haijui kunong'ona. "Wewe ndio Violet? Mbona hapana kuja? Daktari anangoja wewe. Hii TB iko na dawa, hapana ogopa."

Vijiko viliacha kugonga vikombe. Mama Furaha, fundi cherehani Mkongomani anayekunywa chai kwetu kila siku, akasukuma kikombe chake hadi katikati ya meza. "Eh! Mutoto huyu iko na kifua? Na mimi nakunywaka chai yake kila siku!"

Nilimtazama Anti. Dada, nilimtazama kama vile tulivyokuwa tukimtazama Mama kila mbwa wa jirani akitubwekea, nikijua atasema kitu. Na alisema. Aliweka sufuria chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Nenda, mwanangu. Usiogope. Siku hizi inapona."

Nilikwenda. Unanijua. Hata darasani nilikuwa nikijua jibu nanyamaza hadi mwingine alitaje.

Daktari alifungua kitabu akasoma: Violet Nafula, miaka kumi na minane, hoteli karibu na stendi, nambari ya simu yangu. "Kikopo ulikiacha dirishani Jumatatu asubuhi," akasema. Jumatatu asubuhi. Nikauona moto, chapati na ile foleni, na Anti akirudi bila unga. Nikimwambia si mimi, ataniuliza ni nani. Akanivua viatu, akanipandisha kwenye mizani: kilo arobaini na nne. Akanipa vidonge, vitatu kila asubuhi.

Nilirudi kwa njia ya laga, ule mto mkavu kusiko na watu, nikamkuta Anti nyuma ya hoteli anaosha masufuria. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema moja tu: "Uliandika jina langu."

Hakukataa. "Nilifikiri kama majibu ni mabaya, yatafika pale yamkose mwenyewe."

"Yamenipata mimi."

"Wewe huumwi! Yamekupata wapi?"

"Mbele ya watu, Anti. Ungesema hata neno moja."

Akaanza kulia na kukohoa kwa pamoja, na mimi mjinga nikampigapiga mgongo. "Wewe bado mtoto," akasema. "Utaolewa mbali, utasoma mbali, watu watakusahau. Mimi nina hoteli tu." Kisha akanyoosha mkono wenye povu. "Hizo dawa umeziweka wapi?"

Nikampa. Nilijiambia afadhali anakunywa. Lakini kuna jambo lilivunjika hapo, na sijui hata kama yeye alilisikia.

Wateja walipungua. Anti alinitoa jikoni, kisha akanitoa kwenye vikombe, kisha nikawa nakaa nyuma nikichambua maharagwe na mtu asinione. Baada ya wiki mbili akatangaza: "Nampeleka Lodwar apumzike huko." Alitangaza kwa wateja kabla ya kuniambia mimi. Wakarudi kula, Dada. Yeye anayekohoa ndiye aliyebaki anapika, na mimi ndiye niliyepanda gari na begi langu.

Hapa Lodwar nakaa kwa Mama Asekon, mjane wa kanisani anayesuka vikapu vya majani ya mkoma. Anti alimwambia mimi ni mgonjwa, kwa hiyo nilitengewa kikombe changu chenye uzi mwekundu kwenye mkono. Siku ya nne au ya tano aliacha kusuka akaniangalia. "Wewe hapana kohoa," akasema. "Mimi nasikia nyumba yangu. Mbuzi nasikia, upepo nasikia. Kikohozi hakuna." Nikasema dawa inanisaidia. Akasema "Mm" na kurudi kwenye kikapu chake. Jioni uzi haukuwepo.

Kila Jumanne nilikwenda hospitali, napimwa uzito, napewa vidonge vya wiki, navizungushia karatasi ya mkate, nampa dereva wa teksi ya proboksi ampelekee Anti Kakuma. Dereva aliamini ni dawa ya mafua. Nilidanganya watu wengi, na hakuna aliyekuwa mbaya kwangu.

Wiki ya sita ya dawa, Sista aliyekuwa akinihudumia aliuliza huku akiandika, "Mkojo wako una rangi gani siku hizi?"

Nilitamani ardhi inimeze. "Kama wa kila mtu," nikasema.

Kalamu ikasimama. Akaenda kufunga mlango. "Anayemeza dawa hizi mkojo wake huwa na rangi ya chungwa. Hauwezi kuwa kama wa kila mtu. Sasa niambie, unazitupa?"

"Hapana."

"Basi nani anazimeza?"

Nikaikunja karatasi ya mkate niliyokuja nayo. Hakunigombeza, na ndiyo sababu nilishindwa kuficha zaidi. Akasema, "Sikia, mdogo wangu. Dawa hii inapimwa kwa mwili wa mtu. Nimekupa za kilo arobaini na nne. Kama anayemeza ni mzito kuliko wewe, anapata pungufu. Atajisikia nafuu leo, halafu ugonjwa utarudi umezoea dawa, na hapo hatutakuwa na hizi za kumpa."

Anti, hata baada ya kukonda kote kule, ana uzito wangu mara moja na nusu. Vidonge vitatu. Nilikuwa namtumia vitatu kila siku nikidhani namwokoa. Na siku mbili kabla alikuwa amenipigia simu, akacheka kitu, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi kile kile cha zamani.

Nikasema jina lake. Rispa. Nikasema hoteli iko wapi. Sista akaandika, akasema hawatamwambia aliyetoa habari. Watasema wanawapima wote waliokaa nyumba moja na mgonjwa, maana hiyo ndiyo kanuni. Kisha akanipa kikopo, akaandika jina langu juu yake nikiona. Siku tatu za kungoja nilimwelewa Anti vizuri zaidi kuliko nilivyotaka. Siku ya majibu nilifika hadi langoni nikageuka, nikatembea hadi daraja la Turkwel, nikarudi. Sina TB. Wamenipa vidonge vya kinga, na hivyo navimeza mwenyewe.

Na Anti walimfikia. Alinipigia Alhamisi.

"Walikuja na mizani hadi hotelini," akasema. "Eti kwa sababu niliishi na wewe. Wamenipata nayo, sasa nameza vinne. Wameanza kuhesabu upya, miezi sita. Watu wananionea huruma, wanasema nimeambukizwa nikimlea mtoto wa dada yangu."

Nikatoka uani na simu sikioni.

"Lakini si bure, Nafula. Kuna mtu amenitaja. Nadhani ni yule Mkongomani, Mama Furaha. Simpi chai tena. Nikithibitisha ni nani, hizi dawa nawarudishia, nahamia Nadapal nikauze chai mpakani, wanitafute huko."

"Usiache dawa, Anti."

"Wewe tu ndiye mtu wangu. Wewe ndiye uliyenifichia."

Hapo nilijikaza nikauliza, "Umewaambia watu kwamba si mimi niliyekuwa mgonjwa?"

Nilisikia vikombe vikioshwa upande wa pili. Kuna msichana mwingine amechukua nafasi yangu. "Watu wameshasahau, mama," akasema. "Ukiwaamsha wataanza kuuliza upya."

"Sawa, Anti," nikasema. Hayo tu. Nilipokata simu ndipo nilipolia, na Mama Asekon akaniletea uji bila kuniuliza.

Sijui kama ninamchukia. Namwombea apone na bado nikikumbuka ile "Nenda, mwanangu" hasira inarudi upya. Ugonjwa ningemsamehe siku ile ile. Hofu pia, maana nimeionja. Lakini aliniita mwanawe akinisukuma mbele, na watu wote pale wakamwona ni mzazi mwema.

Msalimie Mama, mwambie nakula vizuri. Msalimie Baba, na mjomba wetu mwenye duka la posho, na Kukhu aliyewazaa Mama na Anti. Huyo hasa mwambie binti yake wa mwisho anaendelea vizuri, maana sasa ni kweli. Mbusu mpwa wangu.

Na hili nakuomba kama dada yangu mkubwa. Najua utataka kumpigia Anti simu ukamwambie maneno niliyoshindwa mimi. Usimpigie. Akijua ni mimi niliyemtaja ataacha dawa kwa hasira, nawe unamjua. Mama Furaha anakosa chai kwa ajili yangu, na hilo pia nimelibeba. Miezi sita ikiisha na daktari akisema amepona, nitakwenda Kakuma mwenyewe nimwambie, hotelini, wakati wa chai ya saa nne. Hadi siku hiyo usimwambie shemeji, usimwambie Mama, na barua hii usiiweke ndani ya Biblia yako, kwa sababu Mama huiazima.

Mdogo wako,
Nafula