Shingo ya Mama Kwenye Bango

Dar es Salaam, 4 Februari 1996

Mama mpendwa,

Kamwene mama. Mimi sijambo, ila joto la huku linanitoa roho. Miguu yako vipi? Usikae nje jioni na baridi hiyo ya Makambako.

Umeuliza tena kozi yangu italeta kazi gani. Mama, si kuchora tu. Tunasanifu zana za kufundishia: mabango, vipindi vya redio, picha za kumfundisha hata asiyejua kusoma. Serikali haiajiri kama zamani, lakini mashirika yamejaa mjini na yanatafuta watu wa aina yetu. Shirika moja la afya limeahidi kunichukua likipenda bango langu la mwisho. Niombee sana.

Ile picha niliyokupiga Krismasi imetoka vizuri.

Mwanao,
Margareth

Makambako, 10 Machi 1996

Mwanangu Margareth,

Sijambo, miguu inanifikisha gengeni. Madereva bado wanapenda maharage yangu. Nakuombea kila misa.

Picha hiyo itunze, usimwonyeshe mtu. Tangu baba yako afariki sijafungua kitambaa cha shingoni na kuacha uvimbe wa rovu langu wazi mbele ya yeyote. Nilikufungulia wewe kwa kuwa ulisema ni ya kumbukumbu.

Mama yako

Makambako, 2 Julai 1996

Margareth,

Hujambo? Mimi nina afya ya mwili tu.

Jana wamebandika bango zahanati, stendi na ukutani shuleni. Ni mimi, shingo wazi, picha kubwa kama mlango. Chini wameandika: HUYU ALIDHARAU CHUMVI YENYE MADINI JOTO. USIWE KAMA YEYE. Mimi nilidharau lini? Chumvi hiyo ilikuwepo wapi nilipokuwa msichana?

Dulla dereva alisukuma sahani, akauliza kama rovu linaambukiza. Leo sufuria imerudi nyumbani imejaa. Watoto wananiita Chumvi. Waambie waliondoe. Nakupigia magoti, mwanangu.

Mama yako

Dar es Salaam, 29 Agosti 1996

Mama,

Shikamoo. Natumaini hasira imepoa na unakula vizuri.

Bango haliwezi kuondolewa, limeshasambazwa mikoani. Wakubwa wamelisifu, wanasema mtu akiliona mara moja hasahau. Wamenipa kazi, Mama! Sala zako zimejibiwa.

Jambo moja tu. Mahafali ni Novemba, na wakubwa wa shirika watakuwepo. Nilishawaambia mwanamke wa pichani ni mtu niliyemkuta tu kijijini, maana wangejua ni mzazi wangu wangeuliza mengi. Wakikuona watakutambua, hata ujifunge kitambaa. Mwombe mama mdogo Yunisi atoke Njombe aje akae kwenye kiti chako. Yeye ana shingo nzuri. Najua utanielewa.

Mwanao,
Margareth

Makambako, 15 Septemba 1996

Margareth,

Barua yako nimempelekea Yunisi mwenyewe, tukaisoma uani kwake. Yeye alilia. Mimi sikulia.

Amekubali kuja. Nimempa kitenge changu cha Pasaka, maana vya kwake vimechakaa. Mpokee stendi, hajawahi kufika Dar.

Watu hapa wakiniuliza habari za binti yangu, nawajibu sina binti, yule wa chuo ni wa mdogo wangu. Siku za kwanza ulimi ulikuwa mzito, sasa nimezoea.

Ukiwa na shida ya mama, mwandikie yeye. Anwani yake unayo.

Oktavia