Kibali cha Bati na Minazi ya Babu

Kisarawe, Jumanne, masika

Sahibu yangu, leo nimekwenda bomani kuomba kibali cha kuondoa makuti niezeke bati. Nyumba inavuja mpaka mama kahamia jikoni kulala.

Karani kanisomea masharti, la mwisho likanishtua. "Minazi miwili ya ubavuni ikatwe kwanza. Itaangukia bati."

"Mbona makuti haijayaangukia miaka yote?"

"Kijana, kusoma umejifunza juzi, leo unanifundisha sheria?"

Nikaomba ile karatasi niisome mwenyewe. Akaitia kwenye mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo. Anaficha nini?

Minazi ile kaipanda babu. Hati hatuna, minazi ndiyo shahidi wetu kwamba kiwanja ni chetu. Na jirani anayekidai ni shemeji yake huyo karani.

Jana, kabla sijakanyaga bomani, jirani huyo alinipa pole ya mvua, akasema ana shoka kali, nikilihitaji ataniazima. Nilihitajie nini?

Mama anasema, "Kata tu baba, nimechoka kulowa." Pengine sheria ipo kweli, lakini...

Wewe ungekata?