Koku, Mashine Ilikataa Jina Lako

Koku mwanangu,

Leo nakusemesha Kiswahili, usinicheke. Mimi nasema, Pili anaandika, na Pili ni Msukuma, Kihaya chake kinaishia kwenye ebitoke, ndizi za kupika. Nimemwambia asinitengenezee maneno. Nikitukana, aandike tusi.

Asimwe wako hajambo. Ameota meno ya mbele, makubwa kama yako, na anajibu watu kama wewe. Kahawa ya nyuma ya nyumba imezaa. Na vidonge vya ugonjwa ule vimefika Bukoba, mwanangu. Vimefika. Yule mama mliyelazwa naye anauza dagaa sokoni, amenenepa mpaka anahema akitembea. Tulisalimiana vizuri. Kisha nikaenda nyuma ya kibanda nikakaa chini. Hapo sitaongeza neno.

Nimekuja kukupa habari za seva, ile mashine ya ofisini kwako inayotunza kila kitu.

Ofisini walikulilia sana. Asubuhi wakiwasha mashine, jina lako lilikuwa linatokea kwenye kioo pamoja na majina yao, na yule dada wa mapokezi akawa anaanza kazi kwa machozi. Bosi wako, Mzee Kaijage, akaona si vizuri marehemu kuitwaitwa kila asubuhi. Akaamuru jina lifutwe. Kwa heshima! Wakafuta, wakasali, wakanywa chai.

Hawakujua wamefunga nini. Zile sauti ulizorekodi Muleba na visiwani, wazazi wagonjwa wakiwaambia watoto wao ninyi ni ukoo gani, shangazi yenu ni nani, kibanja chenu kinaishia wapi, wewe ulizifungia asiingie mtu. Hata mimi ulinikatalia. "Mama, hizi si hadithi za jikoni." Nikakuita jeuri.

Sasa ile programu ya bakapu, inayochukua nakala ya kila kitu, ilikuwa inaingia kwa jina lako. Jina lilipofutwa, wakaipa jina jingine. Jina jipya likawa linapita folda zote vizuri, likifika mlangoni kwako linaambiwa huna ruhusa, linaruka, linaendelea na safari. Mwisho linaandika: kazi imekwisha. Na watu walikuwa wanasoma mwisho tu.

Hapo mashine ikaanza kusaga. Krr, krr, kama panya kwenye gunia la mahindi. Wakamwita Pili kutoka Mwanza. Akaweka sikio, akasema diski inakufa. Akaenda kutazama nakala. Folda yako ipo, jina lipo, ndani tupu kama kibuyu.

Pili akakuandikisha upya, Koku. Herufi kwa herufi, jina lile lile. Mashine ikakataa. Anasema chini ya kila jina kuna namba ndefu, na hiyo namba ndiyo mtu mwenyewe. Koku wa pili ni mtu mwingine hata akiitwa Koku. Sisi tunampa mtoto jina la marehemu, tunajifariji kwamba amerudi. Mashine haifarijiki.

Ilibaki njia moja. Mkuu wa mashine anaweza kuichukua folda iwe yake, ndipo aifungue. Mashine yenyewe inauliza: unataka kuwa mwenye mali? Kidole cha Pili kiko juu ya kitufe, Mzee Kaijage akamshika mkono. "Binti, usiguse! Mali ya marehemu haichukuliwi kabla omusika hajakalishwa."

Mrithi! Mtu ana miwani na digrii, mashine inasaga, yeye anatafuta mrithi. Akatuma gari Nshambya kutuchukua.

Nikaja na Asimwe. Baba yako mdogo Rauriani akarukia garini bila kuitwa. Kufika tu akakamata kiti. "Ukoo haujakaa. Tusubiri Jumapili."

Krr, krr.

"Bibi," Pili akasema, "Jumapili hakutakuwa na kitu."

"Na omusika ni mwanaume," Rauriani akasema. "Mimi nipo."

"Shemeji," nikamwambia, "wewe hata redio unaita mtu akuwashie. Utarithi seva?"

Mzee Kaijage akageukia dirishani, mabega yanamcheza. Lakini hakusema bonyeza. Alikuwa anaogopa kweli, Koku, wala simlaumu. Ametuzika wengi, na ameona ndugu wakigombania hata sufuria kabla matanga hayajaisha.

Nikamkumbusha vita vile vya mpakani. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu tulipokimbia mizinga, kibanja tukamwachia jirani. Alipalilia, alikula ndizi, alifukuza wezi. Tuliporudi alisogea pembeni bila neno. Hakuwa mwenye mali. Alikuwa mshikaji tu, anatushikia. "Basi na huyu binti ashike," nikasema. "Mrithi wa Koku ni huyu hapa mwenye meno, na Rauriani akitaka kesi aje nyumbani, nitampikia tukiwa tunagombana."

Nikafungua pindo la kitenge, nikatoa kahawa ya kutafuna, ile ya kufungia ahadi, nikamwekea Pili kiganjani. "Tafuna. Umeshika kwa niaba ya Asimwe mpaka akue. Hutasikiliza ya watu, wala hutamfungulia mtu asiyehusika." Akatafuna, uso umekunjamana kwa uchungu, lakini akameza. Mzee Kaijage naye akanyoosha kiganja, nikampa. Alipomaliza kutafuna akasema, "Bonyeza."

Ikafunguka.

Nilidhani tumemaliza. Pili akageuka. "Bibi, diski inaweza kukata wakati wowote. Nianze na ipi?" Akanionyesha: hii ya visiwani, hizi za vijiji vya Muleba, na hii imeandikwa Asimwe. Sauti yako. Ulimwachia mtoto na hukuniambia!

Wote wakanitazama. Mkono wa Asimwe ulikuwa ndani ya mkono wangu, unatoka jasho. Koku, jibu lilikuwa tayari mdomoni. Niliitaka sauti ile kama mtu wa kiu. Lakini nikakuona wodini, muuguzi amekuja na dripu ya mwisho, wewe unaonyesha kitanda cha pili: "Mama, anayeumwa zaidi aanze." Siku ile nilikuchukia kidogo. Wale watoto wa visiwani, baba zao walikuja kuvua kutoka mbali wakafia huko. Hakuna jirani anayejua hata ukoo wao. Asimwe ana mimi.

Nikasema, "Anza na visiwa."

Nikasimama. Sikuweza kukaa. Nilisali, nikaitukana ile mashine, nikaiomba radhi, nikaitukana tena. Visiwa vikapita. Vijiji vikapita, kimoja kikanasa, Pili akakirudia, kikapita. Ikaja ya Asimwe. Ikaanza kwenda.

Mara mlio ukakoma. Rauriani akasema, "Afadhali, imepona." Mimi nilijua. Kimya kile nilikwisha kukisikia kitandani kwako.

Pili akafungua nakala, yako peke yake, kwa kuwa ni mali ya mtoto. Ukakohoa. Halafu ukasema, "Asimwe mwanangu, bibi yako atakupigia kelele. Akikupigia kelele, ujue..."

Basi. Imekatika hapo.

Asimwe akasubiri, akanitazama. "Nijue nini?" Rauriani ndiye aliyelia kwa sauti.

Sasa seva ni mpya. Bakapu imepewa ruhusa ya kubeba bila kufungua, kama mtu anayebeba mtungi wa rubisi akakatazwa kuonja. Na yule dada wa mapokezi amepewa kazi ya kusoma majibu yake yote asubuhi, tangu juu, si mwisho tu. Watoto wa visiwani wameanza kuletwa kusikiliza, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Barua hii Pili ataiweka kwenye folda yako, ibebwe pamoja na sauti zako.

Jana Asimwe alimwaga uji wote. Nikapiga kelele mpaka jirani akatoka na mwiko mkononi. Mtoto akasimama pale kwenye uji, ananikazia macho. "Nijue nini, bibi?"

Nikamwambia, "Ujue sijachoka na wewe."

Sijui kama ndivyo ulivyosema. Ungenisahihisha, jeuri wewe. Lakini ile sentensi yako nakuahidi nitaimalizia kila nikimfokea, na nitamfokea sana, mpaka awe mkubwa wa kushika folda yake mwenyewe.

Lala sasa, Koku wangu. Huku nipo mimi.

Mama yako