Siku Tatu Kwenye Mahindi ya Shangazi

Bombambili,
S.L.P. 417,
Songea.
23 Mei 1993

Mpendwa binamu Otto,

Kwa heshima kubwa, na baada ya vikao vya wiki tano, nakutangazia rasmi kwamba Kamati ya Kuchagua Lenzi imemaliza kazi yake. Mwenyekiti ni mimi, katibu ni mimi, na kwa kuwa nchi yetu sasa ni ya vyama vingi, nilimwalika mke wangu Devota awe upinzani. Alikuwa anasonga ugali, hakutoa hoja. Azimio limepita kwa kura moja. Redio haijalitaja mpaka leo na sababu siijui.

Sasa salamu, nisije nikaonekana sikulelewa. Tumsifu Yesu Kristo, ingawa sijui kama huko Dresden yupo wa kukuitikia. Hujambo, binamu? Mgongo ule uliokusumbua wakati wa barafu umepona? Sisi huku ni wazima. Devota hajambo, watoto hawajambo, na mimi nimeongezeka kiuno kiasi kwamba suruali uliyonitumia nimempa mdogo wangu, naye inambana. Mama yako mzazi, shangazi yangu Walburga, ni mzima kabisa huko Maposeni. Nitamrudia, maana barua hii yote ni yake.

Mvua za mwaka huu zimetupenda. Mahindi yamesimama mpaka mtu ukiingia shambani unapotea. Yakumbuke mahindi hayo, tutayahitaji mbele.

Barua yako ya Machi ilifika na mambo mawili. La kwanza liliandikwa kwa herufi kubwa: kwamba tangu ukuta wenu uanguke maduka ya zamani yanafungwa, kwamba mzee wa duka la kamera jirani yako anauza kila kitu kwa bei ya kutupa, na kwamba nichague lenzi zisizozidi tatu katika orodha ya tisa, padre atanibebea mwezi wa saba. La pili uliliandika chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mtu anayeona haya: kwamba ukifumba macho umkumbuke mama yako unapata sauti, unapata hata mikono, lakini uso hauji tena. Miaka tisa. Orodha ya lenzi nimeisoma mara nyingi, Otto. Mstari ule wa chini nimeusoma mara nyingi zaidi.

Utauliza: wewe Aidan una kamera tangu mwaka wa tisini, ile Praktika niliyokutumia mimi mwenyewe, kwa nini hujawahi kumpiga mama picha hata moja? Hapo ndipo penye aibu yangu. Wazee wa Maposeni wananikimbia. Nilimpiga Mzee Jeremia sikukuu ya mwaka mpya, akapendeza, na mwezi wa pili akafariki. Picha ile ile ikakuzwa, ikabebwa mbele ya jeneza, nyuma ya msalaba. Nikampiga Bibi Monika, mwenye afya kama ng'ombe. Wiki sita. Ikabebwa. Wa tatu simtaji, watoto wake bado wananisalimia kwa mashaka. Tangu hapo nikishuka kwenye baiskeli na mkoba wangu begani, wazee wanakumbuka wana kazi ndani. Bibi Aurelia, jirani wa mama yako, alinieleza barabarani bila kupunguza mwendo: "Mwalimu, wewe picha zako zinajua njia moja tu. Mimi bado nina maharage shambani."

Na shangazi anamsikiliza Aurelia kuliko anavyomsikiliza paroko. Nilipomwomba mwaka jana alinijibu, "Mwanangu, siku nikitaka kufa nitakuita."

Basi nikajua lenzi zako zitachaguliwa kwa kazi moja: kuupata uso wa mama yako bila yeye kujua.

Nilikwenda kwa Bruda Bartolomeo kule misheni. Ni fundi umeme mstaafu, na ana lenzi za nyuzi kama za kamera yangu, zile za kuzungusha kama kifuniko cha chupa. Nilimsomea orodha yako yote. Akacheka mpaka akavua miwani. "Mwalimu, weka zote tisa kwenye baiskeli, panda mlima wa Maposeni, halafu rudi uniambie unazihitaji ngapi." Yeye ana tatu tu, miaka ishirini. Alizipanga mezani juu ya kitambaa, akaniacha nichezee.

Otto, sijui nikuelezeje. Mimi ni mwalimu wa sayansi, nimechora ubaoni namna mwanga unavyopinda kwenye kioo, watoto wamenakili, wamefaulu mtihani. Nikadhani ninajua. Nikaweka ile ya milimita mia mbili, nikaielekeza kwenye mnara wa kanisa ambao nimeuona tangu nibatizwe, nikazungusha taratibu. Juu ya msalaba alikaa ndege. Mdomoni mwa ndege kulikuwa na bua la nyasi. Bua lilikuwa linatikisika kwa upepo. Niliondoa jicho, nikatazama kwa macho yangu ya kawaida: hakuna ndege, kuna mnara tu. Nikarudisha jicho: yupo. Nilijiuliza ni vitu vingapi vimekuwa vikinitazama miaka arobaini na saba bila mimi kuviona. Bruda alinisogezea kikombe cha chai, na chai ikapoa.

Kisha ile pana, ya milimita ishirini na tisa. Unajua taabu yangu na hii hamsini niliyonayo: ndani ya nyumba zetu haipati watu wote. Kwenye kipaimara cha mwanangu nilirudi nyuma, nikarudi nyuma, mpaka nikakalia sufuria la togwa, na familia yote ikacheka, na picha ya kicheko hicho sikuipata kwa sababu mpiga picha alikuwa ameketi kwenye togwa. Kwa hii pana nilisimama mlangoni mwa chumba cha Bruda, na kuta zote nne zikaingia, na dirisha, na mti wa nje, na kiatu changu mwenyewe. Kama vile chumba kimevuta pumzi.

Ya tatu ni mia na thelathini na tano. Hiyo haina majivuno. Unasimama hatua nane au tisa kutoka kwa mtu, naye anaendelea kuwa mtu, hakazi shingo, na nyuma yake kila kitu kinalainika kama ukungu. Nilimtazama mpishi wa misheni akimenya viazi nikaona nimemjua upya.

Kuna na ile ya kutazama vitu vidogo, iliyo namba saba kwenye orodha yako. Sijaigusa na naiogopa. Mtu wa umri wangu akianza kutazama miguu ya siafu hatamaliza kusahihisha madaftari.

Kwa hiyo azimio la Kamati lilikuwa hili: ishirini na tisa kwa ajili ya nyumba na harusi, mia na thelathini na tano kwa ajili ya nyuso, na mia mbili, ndefu na nzito kama mchi, kwa ajili ya wazee wanaokimbia. Hamsini ninayo. Nyingine mwachie mzee wa duka.

Bruda aliniazima hiyo mia mbili kwa likizo ya Pasaka. Siku tatu mfululizo, kuanzia Jumatatu ya Pasaka, nilipanda baiskeli mpaka Maposeni asubuhi, nikaificha kwenye migomba, nikaingia kwenye mahindi ya mama yako kwa nyuma. Nilichimbia mti wa panda, nikaegemeza kamera, maana lenzi hiyo ukiishika kwa mikono mitupu mapigo ya moyo yanatosha kuharibu picha. Niliumwa na mbu, nikakwaruzwa na majani ya mahindi, nikakaa. Yeye alikaa uani kwenye kigoda, anachambua maharage kwenye ungo.

Na nilimwona, Otto. Hatua sitini kati yetu na niliona kidole chake cha gumba kikisukuma punje mbovu pembeni bila yeye kuitazama. Niliona anavyosogeza midomo akihesabu au akisali, sikujua. Siku ya tatu bahati iliniangukia: alikuwa amehamisha kigoda kutoka kivulini akakiweka juani, na kichwani amejifunga kile kitambaa cha bluu ulichomtumia, ambacho huwa anakifunga Krismasi tu. Nilibonyeza mpaka filamu ikaisha. Kwa hiyo natangaza tena rasmi: binamu yako amemwiba shangazi yake. Picha imo ndani ya bahasha hii.

Nakuletea salamu kutoka kwa Devota, kutoka kwa kaka yako Leo, ambaye bado analima upande wa pili wa korongo, na kutoka kwa Bruda Bartolomeo, anayesema umwulize mzee wa duka kama ana vifuniko vya lenzi, vya kwake vimeliwa na panya. Mungu akulinde huko kwenye baridi, akupe kazi isiyokuvunja mgongo, na akurudishe ukiwa na meno yako yote.

Hapa ndipo nilipotia saini jana. Lakini Devota ameisoma barua kabla ya kubandika stempu, akaishika bahasha juu ya meza akaipima kwa vidole.

"Humu mna picha mbili," akasema. "Hii ya pili utamwambia uliiokota wapi?"

Nikamwambia asiingilie kazi ya Kamati. Akasema upinzani sasa unatoa hoja, na stempu anakaa nayo yeye.

Basi ukweli ni huu.

Filamu niliituma Dar es Salaam kwa basi ikasafishwe, ikarudi mwisho wa Aprili. Nilizipanga picha mezani moja moja, nikijisifu. Ya mwisho kabisa, ya thelathini na sita, shangazi amenyanyua uso. Hatazami maharage. Ananitazama mimi, katikati ya lenzi, hatua sitini, kupitia mahindi yote yale.

Mei Mosi nikampelekea mwenyewe. Nilimwamkia shikamoo, nikaziweka kwenye ungo wake kama mtoto aliyevunja chungu. Akaishika moja mbali, urefu wa mkono wote, kama anavyofanya na kitabu cha nyimbo.

"Siku ya kwanza," akasema, "nilidhani nguruwe pori. Nikataka kumwita Leo aje na mkuki. Siku ya pili kioo kikameta. Nikasema, nguruwe havai miwani, huyu ni Aidan. Umevunja mashina kumi na moja, nimeyahesabu."

Nikamwuliza mbona hakunifukuza.

"Nikufukuze kwa nini? Si nilihamisha kigoda juani kwa ajili yako? Pale kivulini usingeona kitu. Na kitambaa changu hiki, ulifikiri maharage yana Krismasi?"

Nikamwuliza, sasa shangazi, si ungekaa tu tangu mwaka jana tukamaliza?

"Aurelia angesema nimejiandalia jeneza. Sasa akiniuliza nasema sikupigwa picha. Niliibiwa."

Nilicheka, yeye hakucheka. Alikuwa anaitazama ile picha bado. Halafu akanirudishia.

"Kwa nani hii?"

"Kwa Otto. Ameandika hauoni tena uso wako."

Sikuwa nimemwambia kabla, Otto, unisamehe. Aliweka ungo chini. Akasema, "Huyu mama wa kwenye picha yuko mbali. Mwanangu ameshakuwa mbali miaka tisa, wewe unamwongezea umbali wa nini? Njoo hapa. Pasogelee."

Nikatoa hamsini, ile ya kwako, isiyovuta wala kutanua, inayokulazimu uende kwa miguu yako mwenyewe. Nikasogea mpaka hatua tatu. Kwa mia mbili nilikuwa nimeona vidole vyake. Kwa hatua tatu niliona anavyonitazama, na nikaelewa kwamba hatazami kamera wala hanitazami mimi. Alikuwa anakutazama wewe.

Hapo Bibi Aurelia akapita na jembe begani, akasimama.

"Walburga. Ndiyo umeamua?"

"Nimeamua. Njoo ukae, tuongozane."

"Mimi bado nina maharage," akasema Aurelia, akaondoka haraka kuliko nilivyowahi kumwona akienda, na mama yako akacheka kwa meno yote aliyobakiza. Ndipo nilipobonyeza. Hiyo ndiyo picha ya pili.

Azimio la Kamati basi limebadilishwa. Futa mia mbili. Leta ishirini na tisa na mia na thelathini na tano, zitanitosha mpaka nife, na ziweke kwenye soksi njiani.

Nilipokuwa nafungua baiskeli aliniita tena, nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema, nisiongeze langu. Nayaandika: "Mwambie hii ni ya kuweka mezani anapokula, anitazame. Ile ya kubebwa nyuma ya msalaba sipigwi na Aidan. Atakuja kuipiga yeye."

Binamu yako akupendaye, mwenye deni la mashina kumi na moja,

Aidan Ngonyani