Mlio Ulioshuka

6 Mei

Mdogo wangu,

Jumanne saa tatu asubuhi tulipoteza figo yako, nami nikiwa usingizini. Hali yako sikuulizi, naijua: miguu imevimba na simu umezima, ndiyo maana wifi anabeba barua kama tarishi.

Niliingia chumba cha upasuaji na figo mbili ili nikupe moja, nikatoka nazo mbili. Hesabu hiyo haijakaa sawa. Daktari wa usingizi kanieleza: oksijeni yangu ilisoma themanini na nne, mapigo yakakimbia, wakasimamisha kabla hawajanipasua. Hapo sina ugomvi. Lakini wametupa tarehe nyingine, ishirini, na naambiwa wewe ndiye hutaki kusaini. Kwa nini?

Karakana yangu niliianza na mashine ya kuchomelea ya kuazima. Sijazoea kuacha kazi katikati.

Dada yako

9 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini koo limepona baada ya ule mpira waliokuwekea. Mimi nasafishwa damu kama kawaida.

Nilikuwa kitandani koridoni nikingoja zamu yangu, na mlango haukufungwa vizuri. Mashine yako ilikuwa ikilia kwa sauti nyembamba. Mara ikaanza kuwa nzito, ikishuka kidogo kidogo kama mtu anayetelemka ngazi. Nesi akaniambia mlio hushuka oksijeni ikishuka. Dada, nilishakuzika pale pale. Una watoto wawili. Mimi mashine inanitunza. Sisaini.

Mdogo wako

14 Mei

Mdogo wangu,

Koo limepona, ndiyo maana naweza kukufokea. Siku hizi tano nilizokaa bila kukujibu sikuwa nimenuna, nilikuwa napimwa. Moyo wameupiga picha, kisha wakanikanyagisha baiskeli isiyokwenda popote, nyaya zimenijaa kifuani. Mapigo yalipanda na kushuka inavyotakiwa. Siku ile yalikimbizwa na dawa moja ya usingizi, na wanaibadilisha. Oksijeni nayo, kibanio cha kuipimia walikiweka kwenye kidole cha kuchomelea, ngozi ngumu kama soli, kikasoma vibaya. Damu waliyonichota mkononi wakati ule ule ilisoma tisini na saba, ila majibu yalikuja nimeshaamshwa. Safari hii wanabana sikio.

Nilimuuliza daktari wa usingizi, ningekuwa dada yake, angenilaza? Akasema, "Ningekulaza. Kuahidi, siahidi." Nikampenda kwa hilo.

Unasema mashine inakutunza. Mwaka jana ulipanda ngazi za kwangu ukiimba. Mwezi uliopita ulipumzika mara tatu, mara ya mwisho ukasingizia kamba ya kiatu, na ulikuwa umevaa ndala. Watoto wangu umewataja. Wako mbona umewaruka?

Mlango utafungwa vizuri, nimeshawaambia.

Wifi nimemkataza kurudi mikono mitupu. Pole sitaki, maelezo sitaki. Kesho kabla ya saa sita mchana nataka neno moja: ndiyo au hapana. Ukiandika "lakini", naihesabu ndiyo.

Dada yako